Mwenye Mashine na Mwenye Santuri

Mbumbuni
3 Agosti 1986

Kwa shemeji yangu Jonah Kiilu,

Wakya. Najua hutaitika "aa", maana ni miaka saba hujaniitikia, lakini mimi ni mkubwa kwako kwa msimu mmoja wa mvua na ni kazi yangu kusalimia kwanza. U hali gani? Yale magoti bado yanakusumbua, au Bwana ameyaponya kwa vile unayatumia sana? Huku sisi ni wazima. Mke wangu Muthoki anakusalimu. Mimi nimebaki na meno manne, mawili juu na mawili chini, ila hayakupangwa yakutane, kwa hivyo mahindi ya muthokoi nayameza kwa imani tu. Unaona, hata mimi nina imani.

Sasa sikiza. Juzi Mwangangi alipita hapa na viondo vyake, yule anayenunua huku na kuuza huko kwenu siku ya soko. Akaniambia kanisa lenu linatayarisha moto. Kwamba Jumapili ya kwanza ya Desemba kila aliyeokoka ataleta vitu vya dunia alivyoficha nyumbani, hirizi, ngoma, tumbaku, na vitachomwa mbele ya watu. Nikamwambia tumbaku ni sawa, hata mimi huichoma kila siku. Akacheka. Halafu akasema jina lako liko kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa, la kwanza kabisa, na mbele yake kumeandikwa: sanduku la santuri.

Shemeji, nilitafuta kiti nikakaa.

Hizo santuri thelathini na mbili unazijua kunishinda. Pale Kiboko wewe ndiye uliyezipanguza vumbi kwa kitambaa laini, mimi nikazisikiliza kupitia dirisha la jikoni. Bosi wetu, Bwana Nyasi, alipima nyasi mchana kutwa na stesheni nzima ya utafiti ikamcheka, lakini jioni alizungusha mkono wa gramafoni, na akija jikoni kuuliza chakula alisimama pale mlangoni akanieleza habari za wale watu waliotunga muziki ule. Miaka kumi na miwili niliyompikia, hiyo ndiyo shule niliyosoma mimi. Ile nyingine niliiacha darasa la tatu, na mwalimu hakulia.

Kwa hivyo nawajua, na nawajua kama mpishi anavyojua watu. Haydn alivaa yunifomu ya bosi wake karibu miaka thelathini, asubuhi anasimama mlangoni kuuliza wakubwa leo watataka kusikia nini. Kama mimi kabisa, ila mimi niliuliza habari ya mayai. Beethoven alikuwa na masikio mabovu na tabia mbovu zaidi, mayai alimrushia mpishi wake. Huyo nilimsamehe, yule mpishi sijui. Mozart ndiye alinikwama kooni. Alipokuwa kazini kwa askofu mmoja mkubwa alikalishwa meza ya watumishi, akamwandikia baba yake kulalamika kwamba wanamweka jirani na wapishi. Nilimnunia Mozart wiki mbili. Santuri yake ikianza tu, nabamiza sufuria. Halafu siku moja nikasahau kubamiza.

Hao ndio unataka kuwatia moto. Watu waliokuwa na shida na mabosi wao. Kama hawana nafasi nyumbani kwako, mpe Mwangangi lile sanduku aniletee.

Nangoja jibu. Ukinyamaza nitaandika tena, unajua nilivyo.

Ni mimi kaka yake Mbula, shemeji yako,
Mulei


Kijijini Kwa Vonza
31 Agosti 1986

Bwana Mulei,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya. Mimi ni mzima na magoti yangu ni mazima. Msalimu Muthoki.

Aliyokuambia Mwangangi ni kweli. Itakuwa tarehe saba Desemba baada ya ibada. Jina langu liko la kwanza kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa, na mzee hawezi kuwaambia watu walete vyao huku amekalia vyake.

Mchungaji Muthama alitufundisha jambo moja ambalo ningependa ulifikirie bila mzaha. Alisema wimbo usio na maneno hausemi unamsifu nani. Ukiuuliza, unanyamaza. Sisi tuliozaliwa huku tunajua ngoma za kilumi, zile za kupandisha mapepo, zilikuwa zikiita nani, na hazikutaja jina. Sasa niambie, zile santuri zilikuwa zikimsifu nani? Wewe husemi "Mungu". Wewe unasema mayai.

Nakukumbusha pia tulivyogawana. Bwana Nyasi alipoondoka mwaka wa 1973 alisema vitu hivi ni vyenu wawili, mgawane. Nikakuachia uchague kwanza kwa heshima, kwa sababu wewe ni kaka wa mke wangu. Ulichukua mashine, yaani gramafoni yenyewe. Ukacheka, ukasema nimebaki na sahani nyeusi zisizoweza kupakuliwa chakula. Kila Desemba nilibeba sahani hizo kutoka hapa hadi kwako, kwa basi na kwa miguu, Mbula akiwa nyuma na mtungi wa asali, kwa sababu tulishazoea kwamba mwenye santuri ndiye anamwendea mwenye mashine. Wewe hukuja hata mara moja. Sikulaumu. Nasema tu kwamba kila mtu ana fungu lake, na hili ni langu.

Na maneno uliyoniambia siku ya maziko sijayasahau.

Ndugu yako katika Kristo,
Jonah Kiilu
Mzee wa Kanisa


Mbumbuni
14 Septemba 1986

Shemeji Kiilu,

Wakya tena. Huku wote tuko salama, isipokuwa Muthoki alishtuka. Aliona "Bwana Mulei" juu ya barua akaniuliza nimeshtakiwa na nani. Nikamwambia na mzee wa kanisa, akasema basi ni kawaida.

Umeniuliza swali bila mzaha, nitajaribu kulijibu bila mzaha, nikishindwa usinirudishie barua.

Bach. Yule alikuwa mtu wa kanisa kuliko Mchungaji wako. Alilipwa na kanisa, alipiga kinanda cha kanisa, na mwisho wa karatasi zake nyingi aliandika kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Bwana Nyasi, ambaye hakuwahi kufunga macho hata chakula kikiombewa, ndiye alinionyesha hiyo kwenye kitabu. Maneno yako pale, shemeji. Yako chini ya karatasi, na fidla haiwezi kusoma.

Lakini usifikiri wazee wa kanisa walimpenda. Walimwita kikaoni mara kadhaa. Mara moja ni kwa sababu aliomba ruhusa ya wiki nne, akatembea kwa miguu mwendo kama wa kutoka hapa hadi Mombasa kwenda kumsikiza mzee mmoja hodari wa kinanda, akarudi baada ya miezi. Wazee wakamuuliza alikuwa wapi. Halafu wakamuuliza kwa nini siku hizi anachanganya sauti za ajabu mpaka watu wanapotea katikati ya wimbo. Halafu wakamuuliza yule msichana aliyeonekana juu kwenye kinanda alikuwa anaimba nini. Ningekuwepo kwenye hicho kikao ningekaa mbele kabisa.

Na huyu mtu wa kutembea mbali kwenda kusikiza, nikisoma barua yako namkumbuka mwingine. Ni kweli wewe ndiye uliyekuja, kila Desemba, na sanduku begani. Ni kweli mimi sikuja.

Nilikuja mara moja tu. Unajua siku gani. Nilipanda baiskeli siku mbili, mashine nimeifunga nyuma kwa kamba ya katani, tarumbeta lake la kutolea sauti nimelivaa mgongoni, watoto wa Machakos wakanikimbilia wakidhani ni sarakasi. Nilifika kwako watu wakiwa wameshachimba kaburi. Nikakuomba santuri moja. Ile ya Bach ya fidla moja peke yake, isiyo na mwenzake. Mbula ndiye aliyeipenda. Mara ya kwanza kuisikia pale kwangu alisema, "Huyu anauliza mwenyewe na anajijibu mwenyewe, hebu mwacheni amalize," na akatunyamazisha sisi wawili mpaka mwisho. Nilitaka dada yangu ashuke na hiyo. Dakika nne.

Ukasema hapana, kanisa linatazama.

Ndipo nikasema mbele ya watu wote kwamba dada yangu hakuolewa na mtu, aliolewa na kiti cha mzee wa kanisa. Nilisema. Sitajifanya sikusema. Nilifunga tena mashine kwenye baiskeli nikarudi bila kunywa hata maji.

Basi nataka tufanye biashara. Nina beberu mweusi anayeogopwa mpaka na mbwa. Nina mizinga miwili yenye nyuki wanaofanya kazi. Chagua. Niachie hao watu thelathini na wawili, nawe mwambie Mchungaji sanduku lilichukuliwa na mpagani.

Msalimu kila anayekubali salamu zangu.

Shemeji yako, mpagani,
Mulei


Kwa Vonza
2 Novemba 1986

Kwa Mulei,

Nakusalimu. Nimekawia kujibu. Mvua imeanza, tumekuwa tukipanda mbaazi na kunde. Huku ni wazima.

Beberu wako sitaki, mizinga pia. Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana. Hii ya nne nitaituma hata kama haikukaa vizuri.

Unafikiri nachoma santuri kwa sababu ya Mchungaji. Hata Mchungaji anafikiri hivyo. Nilimwacha afikiri.

Mwaka ule wa 1979 Mbula alianza kukohoa mwezi wa tatu. Mwezi wa nne nilifanywa mzee wa kanisa. Mwezi wa tano akawa hatoki nje. Siku moja aliniambia, "Nipeleke Mbumbuni kwa kaka nikasikie yule wa kujijibu mwenyewe." Nilimwambia apone kwanza. Baada ya wiki akaniambia tena. Nikamwambia watu watasema nini, mzee wa kanisa ana wiki sita tangu awekewe mikono, anambeba mgonjwa kumpeleka kwenye gramafoni badala ya kwenye maombi. Hakubishana. Unamjua Mbula, akinyamaza ndiyo unajua ameumia. Hakuomba mara ya tatu. Alikufa tarehe kumi na moja mwezi wa sita.

Sasa umeelewa kwa nini siku ya maziko sikukupa. Ningewezaje kuipiga amekufa, na nilimnyima akiwa hai? Ningesimama wapi?

Lile sanduku liko chini ya kitanda changu tangu siku hiyo. Sijalifungua. Nikifagia, ufagio unaligonga. Mtu anaweza kuishi na kitu kinachomshtaki, lakini si kila asubuhi, Mulei. Mimi ni mzee sasa. Nataka kufagia chumba changu kwa amani. Moto ukija na ulichukue.

Kwa hivyo tafadhali usiandike tena juu ya jambo hili.

Jonah Kiilu


Mbumbuni
12 Novemba 1986

Shemeji yangu,

Wakya. Umesema nisiandike na naandika, kwa hivyo hilo limeshaharibika, tuendelee.

Barua yako niliisoma nje, halafu nikaingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo hatukuwa na haja navyo. Nitakueleza kwa nini vitunguu. Siku moja Kiboko Bwana Nyasi alinikuta navyo, akanieleza kwamba Bach aliwahi kusafiri na bosi wake miezi miwili, kumpigia muziki huko bosi alikokwenda kuoga maji ya moto. Alimwacha mkewe akiwa mzima. Aliporudi na kufungua mlango wake aliambiwa mke ameshazikwa. Nilishukuru vile vitunguu, Bwana hakujua ninalia nini. Hata mimi sikujua, wakati huo sikuwa nimefiwa na mtu.

Kiilu, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Muthoki. Huyo Mbula wako hakuomba mara mbili. Aliomba mara tatu. Ya tatu aliniomba mimi.

Mwisho wa ule mwezi wa tano Mwangangi aliniletea salamu kutoka kwake. Alisema, "Mwambie kaka alete mashine huku, mimi siwezi kuja." Ni hayo tu. Na mimi, mwenye mashine, nilimjibu Mwangangi kwa madaha hapa nje ya jiko langu. Nilisema kawaida yetu inajulikana, mwenye santuri ndiye anamwendea mwenye mashine, Kiilu ameshakuwa mkubwa kanisani sasa anataka nimfuate kama mtumishi. Nikafikiri ni wewe uliyemtuma. Nikafikiri ni kiburi chako, kumbe kilikuwa kiburi changu kimevaa koti lako. Nikasema nitaona mwezi ujao.

Mwezi uliokuja nikaona.

Ndiyo sababu nilikukaripia vile kaburini. Mtu mwenye hatia hupiga kelele ili asisikie. Lile neno la kiti naliombea msamaha, na sikuombi kwa mzaha, soma tena mstari huu kama huamini.

Unaona tulichofanya. Tuligawana vitu, mimi huku na wewe huko, halafu tukakaa kila mtu juu ya fungu lake, na dada yangu akawa katikati, kila upande una nusu na hakuna upande uliokuwa na wimbo.

Na jambo la pili, maadamu nimefungua mdomo. Nimekusumbua na barua zote hizi unipe santuri, na mashine yangu haifanyi kazi. Niliporudi kutoka maziko niliikaza, sina hata santuri juu yake, nilikaza tu kwa hasira, nikaendelea kukaza mpaka springi ikakatika ndani. Ilitoa sauti kama mfupa. Tangu siku hiyo imekaa pembeni, na kuku wa Muthoki anataga ndani ya tarumbeta. Utauliza basi nilitaka santuri za nini. Nilitaka kujua ziko. Huwa nazisikia, shemeji. Nikichochea moto Haydn anapita. Nikipandisha mlima na mtungi Beethoven ananisukuma mgongoni, na hana adabu. Nilifikiri kama zikiungua kule, huku nitaacha kusikia.

Lakini sitakuzuia tena. Mtu hawezi kumwambia mwenzake namna ya kufagia chumba chake. Naomba kitu kimoja. Ungoje nifike. Tarehe saba nitakuja na mashine, nimwondoe kuku, niifunge kwenye basi. Kama ni kuchoma, tuchome zote mbili. Isiungue nusu peke yake. Tumeshafanya mambo mengi ya nusu.

Shemeji yako,
Mulei


Kwa Vonza
9 Desemba 1986

Aa.

Nimeitika. Umekuwa ukinisalimu tangu mwezi wa nane, na ni vibaya kumwacha mkubwa akiwa amesalimu.

Hatujambo hapa. Natumaini wewe pia hujambo, ingawa sijui, na ndiyo sababu naandika haraka. Jumapili nilikungoja. Hukuja. Nakueleza yaliyotokea.

Barua yako niliipata mapema, na sikukujibu. Habari ya kwamba alikutumia wewe salamu ilinikaa kifuani wiki nzima. Kwanza nilikasirika. Halafu nikaona ni ajabu, kwa miaka saba nilidhani nimelibeba hili peke yangu, kumbe kulikuwa na mtu upande wa pili wa mzigo. Haukupungua uzito. Lakini mtu hutembea tofauti.

Jumapili nililibeba sanduku mpaka kanisani. Baada ya ibada watu walitoka uwanjani, mvua ilikuwa imetuachia nafasi kidogo, moto ukawashwa kwa mafuta ya taa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Mama Kalunde alileta ngoma ya marehemu mumewe. Wengine wakaleta vibuyu na kanga zenye maneno mabaya. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye karatasi, na nikawaomba wengine watangulie. Nikaweka sanduku chini nikalikalia, nikatazama barabara.

Walipomaliza, Mchungaji Muthama alikuja mwenyewe. Ni mtu mwema, usimcheke. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, mbona umekalia?"

Nikamwambia, "Hii ni nusu."

Akauliza nusu ya nini. Nikasema nusu nyingine iko kwa shemeji yangu na yuko njiani. Akauliza kama nitaichoma akifika. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, Mulei, na nikajisikia nikisema sijui. Kisha nikamwambia yale ya Mbula, yote, pale kando ya moto, watu wakisikia. Sijawahi kuwaambia. Akaniuliza lile swali lake, kwamba hiyo santuri ya fidla inamsifu nani. Nikamwambia sijui inamsifu nani, najua nani aliomba asikie na nani alimnyima. Akaweka mkono kwenye bega langu.

Niliketi mpaka moto ukawa majivu, na mvua ikaja ikamaliza. Halafu nikabeba sanduku nikarudi nyumbani.

Jana nilikwenda kwa Mchungaji. Nilimwambia mzee aliyeandikisha kitu mlangoni na asikilete si vizuri akae mbele. Alikataa, nikasisitiza. Kile kiti ulichosema Mbula aliolewa nacho, nimekirudisha. Jumapili ijayo nitakaa nyuma na watu wenye watoto wachanga. Nasikia huko ndiko kuna kelele, lakini sauti za kwaya zinafika pamoja.

Niliporudi nilifungua sanduku. Zote ni nzima, isipokuwa Schubert mmoja amepasuka ukingoni. Ile ya Mbula nimeifunga ndani ya leso yake na kumpa Mwangangi akuletee pamoja na barua hii. Itangulie. Hizo nyingine zinangoja kujua kama uko hai.

Jibu haraka. Msalimu Muthoki.

Shemeji yako,
Kiilu


Mbumbuni
20 Desemba 1986

Shemeji yangu mwenye santuri,

Niko hai. Ile "aa" yako nilimsomea kila aliyepita barabarani, hata wasiokujua, mpaka Muthoki akaniambia nitaimaliza.

Kwanza nikueleze kwa nini sikufika, usije ukafikiri ni yale ya 1979. Jumamosi niliondoka na basi la asubuhi, mashine juu ya paa imefunikwa gunia. Tulipofika mto Athi maji yalikuwa yamemeza mahali pa kuvukia, na dereva, mwenye kitambi na akili, akazima injini. Tukangoja ng'ambo hii. Siku ikaisha, tukalala ndani ya basi, Jumapili ikafika na mto bado unapita na miti mizima. Ilipofika saa tano nikajua mmetoka ibada, moto umewashwa, na mimi niko upande usiofaa wa maji. Nikashusha mashine. Nikaiweka juu ya jiwe kandokando ya mto, ikiwa haina santuri, haina springi. Nikashika mkono wake nikazungusha, haukazi kitu, unazunguka tu kama wa kisima kilichokauka. Na nikaimba kwa mdomo. Ile ya fidla, tangu mwanzo, mahali pa kuuliza nikauliza, mahali pa kujibu nikajibu. Na meno manne, hebu fikiria. Mama mmoja mwenye kuku wawili alinisikiza mpaka mwisho akaniuliza ni ya kanisa gani. Nikamwambia ni ya dada yangu. Akasema pole.

Jumatatu basi liligeuka likarudi.

Sasa, Alhamisi Mwangangi alileta leso. Sikuifungua mara moja. Nilinawa mikono kwanza, kama zamani kabla ya kugusa nyama ya Krismasi ya Bwana Nyasi. Muthoki alimtoa kuku kwenye tarumbeta, kuku alikasirika na hajataga mpaka leo. Sindano zilikwisha zamani, unakumbuka zilipoisha tulichonga mwiba wa mgunga na Bwana akasema sauti ni tamu zaidi. Nilichonga mwiba. Nikaweka santuri. Springi haipo, lakini sahani ya mashine bado inazunguka ukiisukuma, kwa hivyo nikaweka kidole changu kwenye ukingo wa ile karatasi ya katikati, nikaanza kuzungusha polepole.

Shemeji, ilitoka. Ndogo, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi, lakini ni yeye.

Shida ni kidole. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, huujui huo, umeanza baada yako. Nikienda mbio analia kama mbuzi, nikikawia analia kama mlevi. Sijapata hata mstari mmoja ulionyooka. Bach amelewa nyumbani kwangu siku tatu mfululizo, na huko mbinguni nadhani amewaita wazee kikaoni. Muthoki amejaribu, lakini yeye anacheka na kidole kinaruka.

Kuna mtu mmoja tu ninayemjua ambaye aliongoza kwaya ya Kiboko miaka minane bila kuharakisha na bila kukawia, anapiga hesabu kwa kidole kwenye paja, na kila mtu akamfuata. Sasa umekaa nyuma kanisani, hakuna anayekutazama, kidole hicho kina nafasi.

Kuja ulikuja mara sita, sasa ilikuwa zamu yangu, najua. Lakini mashine ikipanda basi tena itabaki misumari. Njoo wewe. Sanduku liache ukitaka, njoo na kidole tu. Utazungusha, mimi nitashika tarumbeta lisianguke, na katikati yetu tutaweka kile kigoda alichokuwa anakalia Mbula, na leso yake juu. Hatutasema neno mpaka amalize.

Maji ya Athi yameshuka. Nimeuliza.

Kaka yake Mbula, shemeji yako,
Mulei